Ombi la Kulipwa Kiinua Mgongo Wakati Mgongo Bado Upo

Kwa Meneja,
Mfuko wa Akiba ya Uzeeni

Ndugu Meneja,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa kwenye kiti chenye egemeo. Mimi ni msahihishaji katika kiwanda kinachochapa vipeperushi vyenu, na ni mwanachama wenu tangu nilipoajiriwa. Kipeperushi kipya nimekisoma mara nyingi kuliko mtu yeyote, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, na nina malalamiko yafuatayo.

1. Neno lenyewe. Mnaahidi kunilipa kiinua mgongo nikifika miaka sitini. Mgongo wangu unapinda sasa, juu ya meza yenye taa fupi. Kufikia sitini utakuwa umeshazoea, na kuuinua ghafla kunaweza kuuvunja. Mpanga herufi wetu aliteleza akaandika "kiinama mgongo". Nilimsahihisha kama inavyopasa, lakini moyoni niliona yeye ndiye aliyepatia.

2. Bibi wa pichani. Ukurasa wa kwanza kuna bibi na mzee wake wamekaa bustanini, wanacheka, meno yote yapo. Maelezo yanasema bibi huyo ni mimi wa baadaye. Simfahamu. Hajawahi kunijulia hali. Ndugu wengine wanaotaka hela angalau hubisha hodi. Huyu huchukua chake kabla mshahara haujanifikia, wala hasemi asante. Viatu vyangu vimeshashonwa soli mara mbili. Vyake ni vipya.

3. Kibaba. Mmeandika kwamba haba na haba hujaza kibaba. Sikatai. Ila bei zikipanda kibaba nacho kinakua, na haba yangu ni ileile. Mmeandika pia kwamba akiba haiozi. Kweli haiozi, inasinyaa, kama gauni la bei rahisi likishafuliwa.

4. Mama yangu. Yeye ni mshonaji, na hana mfuko wowote zaidi ya ule wa kuwekea chaki na pini. Wateja wakija hunitambulisha hivi: huyu ndiye kiinua mgongo changu. Nao hunitazama toka juu hadi chini kama wanaochagua kitambaa. Sasa, Ndugu Meneja, ikiwa mimi ni kiinua mgongo cha mtu, nawezaje tena kuwekewa changu? Kiinua mgongo hakina mgongo. Kwa hiyo makato yangu yote ni batili.

Kwa kuzingatia hayo, naomba nistaafu Jumatatu ijayo, nikiwa bado na miguu ya kutembelea bustani. Nikizeeka nitaripoti kazini. Mzee anahitaji nini? Kiti, watu wa kuzungumza nao, na mahali pa kwenda asubuhi. Ofisi inavyo vyote hivyo, na sisi vijana tunavipoteza bure kwa kuichukia Jumatatu. Hofu kwamba wazee hawataiweza kasi ya kazi haina msingi. Nimewahi kusubiri kwenye dirisha lenu la huduma.

Nawasalimu wote wa dirishani, mlinzi anayetuelekeza kwa upole kwenye dirisha lisilo lenyewe, na yule bibi, mkionana.

Wako katika makato,
Msahihishaji

Tanbihi: Nilimsomea mama barua hii akiwa anapinda suruali ya mteja. Alicheka hadi pini zikamdondoka mdomoni. Halafu akasema hata yeye alikuwa na bibi wa namna hiyo. "Nilimnyima kila mwezi, mwanangu, maana ada yako haikungoja. Nikadhani atachoka kuja. Si huyu hapa, anapinda suruali za watu." Kisha akaniomba nimtungie uzi kwenye sindano, kwa kuwa siku hizi tundu halioni.

Basi naomba malalamiko namba moja hadi nne yafutwe. Niongezeeni makato, soli zangu bado zina uzi. Naomba pia fomu ya kumwandikisha mshonaji aliyejiajiri, umri miaka hamsini na minane. Michango yake nitatoa mimi. Kama umri wake umeshapita, tafadhali nijibuni kazini, msiandike nyumbani.