Mgogoro wa Uji wa Maboga

Jumatatu, 4 Machi
Shindano la hadithi za watoto ni Ijumaa. Darasa langu limeandika: "Tulikwenda kwa bibi. Tukala. Tukalala." Wote! Mgogoro hakuna, hata wa dawa. Nikaeleza: mtu anataka kitu, kitu kingine kinamzuia. Wakaitikia kwa sauti moja. Wakaandika upya: "Nilitaka kulala. Nikalala." Mwalimu Rumengan wa darasa jirani alichungulia, akauliza kama nimefungua bweni. Nyoka!

Jumanne, 5 Machi
Nimepata dawa. Lazima wauone mgogoro kwa macho. Nimepatana na Oma Sientje, mpishi wa shule: kesho niubeze uji wake wa maboga mbele yao, anijibu, tugombane kidogo, tupatane. Oma alicheka mpaka akashika kiuno.

Jumatano, 6 Machi
Tulianza vizuri mno. Nikasema uji ni maji ya kuoshea vyombo. Oma akajibu kwamba mdomo wangu umezoea vya bure. Watoto wakashangilia. Nikapandwa na mori! Nikasema hata marehemu mama yake, aliyemfundisha, hakujua kupika.
Oma akaweka upawa chini. Akafunika sufuria. Akaondoka. Bakuli tupu, macho yote kwangu.

Alhamisi, 7 Machi
Jiko limefungwa. Hakuna aliyeniamkia. Meity, mtoto wa kimo cha dawati, akaniambia, "Mwalimu, ule si mgogoro. Ni utovu wa adabu." Mkuu wa shule kasema: Oma asiporudi kesho, nami nisirudi. Nilisimama nje kwa Oma, mvua ikinipiga. Akasema dirishani, "Tulipatana useme uji, baba. Mama yangu alikuwemo?" Nikaomba radhi. Dirisha likafungwa.

Ijumaa, 8 Machi
Oma karudi! Si kwa ajili yangu. Kasema watoto hawakumkosea. Akanipakulia bila kunitazama. Nikamaliza uji wote.
Na Meity ameshinda! Hadithi yake ilisomwa mbele ya wazazi: mtu mwenye mdomo mchafu amtukana mpishi, kijiji kizima kinalala njaa. Jina langu halikutajwa. Masharubu yangu yalitajwa. Rumengan alipiga makofi kwa kusimama.

Jumamosi, 9 Machi
Nimetafakari sana. Kosa nimeliona: nilimtegemea mtu asiye wa damu yangu. Wiki ijayo somo ni huzuni. Nimemwagiza kaka yangu aingie darasani Jumatatu, atangaze kwamba nimepotelea kwenye mlima Lokon. Nitakuwa kabatini, nikisikiliza nani analia.