Kompyuta ya Harusi Yafika Uwanja wa Ndege

Jamani, leo nimefedheheka. Tena peupe, mbele ya wanaume, kabla hata chai ya asubuhi haijashuka vizuri.

Wanaonijua wanaijua kazi yangu. Mimi na dadangu Rukia tunapiga filamu za usiku wa kupamba, pale bibi harusi anapotolewa mbele ya wanawake peke yao, nywele wazi, mabega wazi, simu zote zimekusanywa mlangoni. Mwanamume haingii, na filamu haioni. Siku mwanamume mmoja akiiona, riziki yangu imekwisha, nitabaki kuuza mahamri. (Na mahamri yangu hayaumuki.)

Sasa kuna bibi harusi wa Tudor, hapa hapa Mombasa, ameolewa Nairobi. Anataka tukae pamoja achague vipande vya kubaki na vya kutupwa. Mtandao hautaki, flashi haitaki, anasema vitu vidogo hupotea. Akanikatia tiketi ya ndege, niende na kompyuta yenyewe.

Na kompyuta yangu si hivyo vidude vyembamba kama chapati mnavyobeba kwapani mkajiona wataalamu. Yangu ni ya mezani. Kioo kipana, na mashine yote imo humo humo nyuma ya kioo. Rukia aliponiona naifunga kwa mito miwili na leso, akacheka.

"Wenda Nairobi au wahama?"

"Naenda kazini."

"Si uitie filamu kwa flashi, dadangu? Au basi kompyuta iweke tini ya ndege na mizigo mingine."

"Ikae na wapakia mizigo, waifungue waitazame?"

"Wataitazamaje? Haina umeme!"

Nikamtazama vile ninavyowatazama watu wasiojua kazi. Sikuizima hata kuizima. Niliilaza tu, ule usingizi wa kuhifadhi kila kitu hata waya ukichomolewa, ili nikiiamsha Nairobi ifunguke pale pale nilipoishia. Neno la siri sikuweka, kwani nani ataigusa? (Akili hiyo!)

Nikaipakata kwenye tuktuk kutoka Kibokoni, tukapita Kibarani, mpaka uwanja wa ndege. Kwenye foleni ya ukaguzi nikawa nawadharau walio mbele yangu mmoja mmoja, na vikompyuta vyao. Nyuma yangu akaja kusimama Mzee Hassanali, mwenye duka la vitambaa mjini. Mkewe ameshaniagiza nipige filamu ya harusi ya binti yao.

"Salaam aleikum, Bi. Mwanaidi."

"Aleikum salaam, Mzee Hassanali. Za nyumbani?"

"Alhamdulillahi. Mama watoto akusifu sana. Asema wewe ni mtu wa staha. Wenzio wakicheza, wewe uko na kamera yako tu."

"Kazi ni kazi, mzee," nikajibu, shingo nimeinyoosha.

Zamu yangu ikafika. Askari wa ukaguzi akaitazama ile mito.

"Mama, hii ni nini?"

"Kompyuta."

"Kompyuta gani kubwa hivi? Fungua. Halafu iwashe tuone."

"Haina betri."

"Stima iko hapo ukutani."

Nikafungua huku nasonya. Nikaisimamisha mezani, nikachomeka waya, nikaunganisha kibodi, nikaiamsha. Kioo kikajaa sinia la asumini. Maua tu, picha imetulia. Nikashusha pumzi.

"Haya, umeona? Inawaka."

"Na hii kibodi inafanya kazi?" akauliza, na kabla sijamjibu akabonyeza kile kitufe kirefu cha chini. Vitufe vyote vile, yeye akachagua kile cha kuanzisha filamu!

Sinia likaondoka. Nyuma ya sinia nikatokea mimi.

Mimi! Leso kiunoni, jasho usoni, nacheza chakacha. Sauti nilikuwa nimeifungua hadi mwisho. Rukia, ambaye usiku ule nilimwachia kamera kidogo tu, akasikika uwanja mzima: "Kata kiuno, dadangu! Wasije wakasema umezeeka!" Na mimi wa kwenye kioo nikajibu, "Wasichana wa siku hizi wajua nini? Tazama kazi!" Nikageuka. Nikaonyesha kazi.

(Mnauliza kwa nini iliishia hapo? Kwa sababu jana nilikuwa nakitazama kipande hicho. Peke yangu. Kwa raha zangu. Haya, nimesema.)

Lakini aibu yangu ilikuwa ndogo. Filamu ile naijua kwa moyo. Nikimaliza mimi, vigelegele vinaanza, mlango unafunguliwa na bibi harusi anatoka, nywele mpaka mgongoni. Na foleni yote ni wanaume, shingo zimewatoka!

Nikakirukia kile kioo. Nikakikumbatia, buibui nimelitandaza huku na huku. Vigelegele vikaanza chini ya kifua changu. Nikaupiga teke waya wa ukutani, mara ya kwanza nikaukosa, mara ya pili ukachomoka.

Kioo kikazima. Nimeikumbatia kompyuta, kiatu kimoja kimeruka.

"Ni kompyuta kweli," akasema askari, amejing'ata mdomo. "Pita, mama."

Mzee Hassanali akaniokotea kiatu. Akakohoa kwa adabu.

"Bi. Mwanaidi, mimi sikuona kitu. Miwani sikuvaa."

Miwani iko puani.

Yule wa kukagua tiketi, aliyekaa hatua chache mbele, naye aliniruhusu niingie na kompyuta ndani ya ndege bila kuuliza hata neno moja. Macho yake hayakutoka kwenye karatasi. Basi nikajua naye alikuwa akitazama.

Sasa nimekaa nangoja ndege, kompyuta nimeipakata, na Rukia amenipigia.

"Waliona?"

"Waliona."

"Bibi harusi?!"

"Hata ukucha wake hawakuuona. Waliniona mimi."

Amekata simu ili acheke vizuri. Nanyi chekeni, mimi sina la kuwafanya. Lakini mabibi harusi wote wa Mombasa msihofu, kazi yangu ni ile ile: mwanamume haoni kitu chenu. Changu wameshakiona.