Mayai ya Daktari Isaiah

Isaiah alikuwa na tai mbili, koti jeupe la mtumba na gunia la majani ya mpera yaliyosagwa, ambayo aliyaita dawa ya ini. Alichokosa ni mgonjwa aliyepona. Mwaka mmoja baada ya vita vya uchaguzi, watu wa mtaa wa Huruma walikuwa wameahidiwa mengi mno. Maneno hawakutaka tena. Walitaka kuona mtu.

Basi alikuwa kwenye benchi la kliniki, akiwinda, aliposikia nesi akimwambia mama mmoja: "Ini la mzee limechoka, sasa mwili unajila wenyewe. Ndiyo maana mikono imekonda na tumbo limejaa maji. Mpe chakula kidogo kidogo, mara sita kwa siku. Mayai, maharagwe, maziwa, na uji kabla ya kulala. Chumvi, acha. Pombe, hata asinuse. Na dawa za mitaani msimpe."

"Atapona?"

"Ini halitakuwa jipya, Mama. Lakini akila hivyo na kumeza dawa zetu, atapata nguvu. Miezi mitatu utaona."

Isaiah aliinuka kwenye benchi. Mgonjwa wa kunawiri mbele ya mtaa mzima, na kazi yote ifanywe na mayai!

Alimkuta yule mama, Akumu, nje, akilia polepole kwenye leso. Mumewe, Obonyo, alikuwa seremala mjini Burnt Forest mpaka karakana ikachomwa vitani. Sasa Akumu aliuza omena, dagaa wa ziwani, kando ya barabara, na omena hazikutosha kununua mayai.

"Usilie, Mama. Dawa yangu nakupa bure. Ila inataka tumbo lenye mayai, maharagwe na uji. Nitaleta mwenyewe."

Akumu alimtazama kuanzia tai mpaka viatu. "Na wewe unataka nini?"

"Ushuhuda tu. Mzee akipata nguvu, asimame sokoni aseme ukweli."

"Ukweli?"

"Ukweli mtupu," alisema Isaiah, ambaye hakuwa amelitumia neno hilo siku nyingi.

"Haya. Atausema."

Trei ya kwanza ya mayai ilimaliza akiba. Ya tatu ilikula redio. Baadaye ikaenda baiskeli, kisha tai moja. Akumu akichelewa barabarani, Isaiah alikoroga uji mwenyewe na kumshikia mzee kikombe, maana mikono ilitetemeka. Alianza kuuliza "Umekula?" kabla hata ya kusalimu.

Jirani yao Mary, mtu wa Sugoi, kabila la upande wa pili, aliyewaficha kwenye ghala la mahindi la babake wakati wa vita, alileta maziwa kila asubuhi na hakutaka kushukuriwa. "Daktari," alimwambia Isaiah, "uko na roho safi."

Isaiah aliona haya, tangu mlangoni mpaka kwenye geti.

Mwezi wa tatu tumbo lilikuwa limeshuka. Obonyo alishika randa akatengeneza kigoda. Jumamosi hiyo Isaiah alipanga pakiti mia tatu za dawa yake kwenye meza sokoni, akakodi maikrofoni. Alijua desturi: mtu akitoa ushuhuda hakatizwi, hata pasta husubiri. Aliitegemea sana desturi hiyo.

"Bwana asifiwe!" alisema Obonyo.

"Amina!"

"Nilikuwa mifupa. Nesi akasema nile. Hatukuwa na kitu. Kijana huyu akaniletea mayai miezi mitatu. Ameuza redio. Ameuza baiskeli. Uji amenipikia kwa mkono wake."

"Na dawa, Mzee," Isaiah alinong'ona.

"Nyamaza, mtu anashuhudia!" watu wakamkemea.

"Ya dawa, mama ataeleza."

Akumu aliweka kiondo mezani. Ndani mlikuwa na pakiti zote, zimefungwa kwa uzi vizuri, hakuna hata moja iliyofunguliwa. "Nesi alikataza," alisema. "Lakini ulikuwa unazileta kwa moyo, hatukutaka kukuvunja moyo."

Soko zima lilipiga makofi. Wanawake wakapanga foleni, na Isaiah akafufuka kidogo.

"Daktari," alisema wa kwanza, "mzee wangu pia ni ini. Mayai unaleta siku gani?"

Pakiti haikununuliwa hata moja.

Alikuwa anakunja meza, mshipi umefika tundu la mwisho, Akumu alipomwekea mkononi yai la moto lililofungwa kwa gazeti.

"Kula. Umekonda."

Isaiah alimenya, akauma, akatazama huku na huku.

"Chumvi hatuna," alisema Akumu. "Daktari si unajua."