Breki Yangu na Gibson wa Divisheni Ziro

Jumatatu, 3 Februari 2025

Pikipiki imenidhalilisha! Nimefunga breki mbele ya duka la vitambaa la Bi Dolat, Tegeta, anapofanya kazi mke wangu Kokushubila. Ikalia kwiiiiii, kama mbuzi anachinjwa. Wateja wote wakageuka. Bi Dolat mwenyewe akatoka nje, miwani mkononi. Koku akashuka bila kuniaga. Baadaye akanitumia ujumbe kwamba niipeleke kwa Gibson.

Kwa Gibson! Mie, Mwalimu Kamugisha, miaka kumi na saba nafundisha fizikia! Gibson nilimfundisha mwenyewe pale shuleni kwetu Boko. Kapata divisheni ziro. Nilimwambia mbele ya darasa zima kwamba ataishia kushika spana. Na kweli kaishia kushika spana, hapa hapa kwetu Bunju, na foleni ya pikipiki mlangoni kwake haiishi. Hana hata aibu. Breki ni msuguano tu, na msuguano ni somo langu. Nitaitengeneza mwenyewe.

Jumanne, 4 Februari

Nimepaka cheni grisi. Nimekaza vioo. Nimeng'oa madigadi ya nyuma, labda ndiyo inayolia. Wapi! Kelele ile ile, na Koku kafika kazini na matope mpaka kwenye kola. Kanuna.

Lakini nimegundua jambo. Nikishamshusha, nikarudi Boko peke yangu, breki kimya kabisa. Nikiwa naye tu, kwiiii. Kesho nafanya jaribio.

Jumatano, 5 Februari

Nimefunga mfuko wa simenti, kilo hamsini, kwenye siti ya nyuma. Nikaja kasi mpaka geti la shule, nikabana breki ya mkono. Kimya! Mfuko ukanifuata, ukanibamiza mgongoni, ukapasuka. Nikawa mweupe kichwa mpaka viatu. Kidato cha pili wakapiga makofi. Nimewapigisha magoti wote, hata waliokuwa hawajafika.

Haidhuru, jibu nimelipata. Simenti ikikaa, hakuna kelele. Koku akikaa, kelele. Jioni nikamweleza taratibu, kisayansi, kwamba tatizo ni yeye. Akaniomba nirudie. Nami bila akili nikarudia.

Alhamisi, 6 Februari

Kaenda kazini na bajaji ya jirani yetu Romani! Wamenipita Boko, namwona anacheka. Romani ana kipi cha kuchekesha? Kasema hapandi tena pikipiki yangu mpaka kelele iishe. Nimekasirika mpaka nikapitiliza shule.

Humu naandika ukweli, hakuna anayesoma. Nyumbani yeye ana mapishi, mie nina madaftari ya kusahihisha. Maongezi yetu yote ni barabarani, yeye nyuma yangu, ananisimulia mambo ya dukani sikioni. Leo nimeendesha na siti tupu. Imeniuma.

Nikapanga mpango. Mwalimu Tekla wa Kiswahili anajua kuendesha. Nikamwomba aipeleke kwa Gibson, aseme ni yake. Safi kabisa! Karudi baada ya nusu saa. Gibson kasema pikipiki hii anaijua kwa sauti, inampitia kila asubuhi. Kasema mwalimu shikamoo. Kasema breki anaweza kuifungua sasa hivi, ila angependa nije mwenyewe, pamoja na mama, atuone tunavyoendesha. Atuone! Mimi ni sinema?

Ijumaa, 7 Februari

Nimeenda. Siyo kwa ajili ya Gibson, kwa ajili ya Koku.

Kanipa shikamoo kwa mikono miwili, mnafiki. Akaniomba nizunguke peke yangu, kisha na Koku, aliyekubali kupanda kwa jaribio hilo tu. Yeye kachuchumaa anaangalia miguu yangu. Bodaboda wote wa kijiweni nao wakachuchumaa. Halafu akaniambia, kwa heshima zote, kwamba nikiwa peke yangu nafunga breki ya mkono, ile ya mbele. Nikiwa na mama nafunga ya mguu, ile ya nyuma. Basi mama hana kosa, breki ya nyuma ndiyo inayolia. Akafungua tairi. Breki shuu zimekwisha, chuma kinasaga chuma.

Sasa ningefanyaje? Nikimfungia Koku breki ya mkono anarushwa mbele, helmeti yake inanipiga kisogoni, halafu ananigombeza mpaka Tegeta! Simenti haigombezi!

Koku kacheka hadi kashika ukuta. Na lile jinga likamalizia kwamba mbinu hii nilimfundisha mimi mwenyewe: ukitafuta sababu, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Mbele ya bodaboda wote! Alikuwa anasikiliza kumbe! Sasa kwenye mtihani kilimshinda nini?

Jumapili, 9 Februari

Gibson kaweka breki shuu mpya, kimya kabisa. Koku amekubali kupanda tena kuanzia kesho. Lakini kasema hii ni mara ya mwisho. Kituko kimoja tu, na ni bajaji ya Romani moja kwa moja.

Hakuna kituko, nimeshapiga hesabu. Breki shuu za nyuma zinaisha kwa sababu zinatumika. Nisipozitumia haziishi. Zisipoisha, Gibson hanioni tena maisha yangu yote. Kwa hiyo ya mguu siigusi. Nitafunga ya mkono tu, awepo Koku, asiwepo.

Leo mchana nimeijaribu njia panda ya Boko. Tairi la mbele likagoma, pikipiki ikalala, nami nikalala juu yake. Mchanga ule nani kaumwaga barabarani? Nchi hii! Kiwiko nimemwambia Koku nimejigonga mlangoni.

Kesho tunatoka saa kumi na mbili na nusu. Nimemsisitiza anishike vizuri kiunoni. Akatabasamu. Kadhani ni mapenzi.