Bunduki Itakayowafaa Panya Wetu

Jumatatu, 4 Agosti

Panya wameingia ghalani. Mke wangu ndiye aliyegundua, akaja kunipa habari nikiwa bado napiga mswaki. Gunia la mbegu za karanga limetobolewa chini, pembeni. Nikamwambia asijali, jambo hili aniachie mimi. Akanitazama. Sijui kwa nini kila nikisema hivyo hunitazama.

Wakati wenyewe mbaya. Mama mkwe anakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Shamba ni lake, nyumba ni yake, na sasa amehamia mjini kwa mwanawe mkubwa. Anataka kuamua nani abaki na mali hii: sisi tunaoishi humu, au mwanyumba wangu, mume wa shemeji, anayekaa ng'ambo ya kijito na ambaye hupita hapa kila siku kutusalimu tu. Mke wangu alizaliwa katika chumba tunacholala. Mimi nilikotoka ni chumba cha kupanga nyuma ya gereji. Sirudi ng'o.

Nimewaza mpaka chai ikapoa. Dawa haifai, tuna kuku. Jibu ni bunduki ya upepo. Haina baruti, haina kishindo, na inampa mtu heshima akiishika. Kibali hakinipi shida, karani wa polisi nilisoma naye.

Jumanne, 5 Agosti

Nimekwenda mjini kwa baiskeli, kwenye duka la bunduki na ndoano. Muuzaji ni mtu mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi. Kumbe bunduki za upepo zina ukoo mrefu! Ipo ya springi, unakunja mtutu ndipo unapiga. Ipo ya gesi. Ipo ya kujazwa upepo kwa pampu, kama tairi. Halafu kuna mtutu mwembamba, risasi yake ina mbio, na mtutu mpana, risasi yake ina uzito. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyekuwa akiyajua hayo yote.

Muuzaji akaniuliza panya wanakuwa umbali gani, na nyuma yao kuna nini. Nikamjibu kwamba panya wangu hawana makazi maalumu. Akasema kwa kazi ya ghalani, ile ya springi inatosha, hata yeye ndiyo aliyonayo nyumbani. Nikamshukuru kwa sauti ya mtu asiyedanganyika. Mimi si wa kununua kitu cha kwanza ninachoonyeshwa.

Nyumbani mke wangu akauliza bunduki iko wapi. Nikamweleza habari ya springi na pampu. Akaenda kushona kiraka kwenye gunia.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepima ghala lote kwa kamba. Tatizo si ghala, ni panya. Huyu anachungulia darini, yule nyuma ya jembe, mwingine humwoni bali unamsikia. Utamchagulia vipi bunduki mnyama asiye na umbali?

Wazo likanijia nikiwa nimekaa juu ya debe. Panya wakae pamoja! Nimeweka tofali mbele ya ukuta wa udongo, na juu ya tofali karanga za mbegu. Chache tu. Kisha nikagonga kifuniko cha kopo wajue wameandaliwa. Sasa umbali upo, na nyuma kuna udongo mtupu. Muuzaji mwenyewe angenipa mkono.

Alasiri mwanyumba akaja kutusalimu tu. Mkononi ana mitego ya chuma. Amesikia tuna matatizo, anasema. Nani kamwambia? Mke wangu akaipokea na kushukuru kabla sijafungua kinywa.

Ijumaa, 8 Agosti

Mitego ya mwanyumba imenasa panya wawili. Mke wangu amefurahi, ameimba hadi kisimani. Mimi roho inaniuma. Yule bwana akiwamaliza panya, Mama mkwe atamsifu nani? Na bunduki yangu ikija itakuta ghala jeupe, nibaki naielekeza ukutani kama mjinga.

Nimeingia na fimbo kuifyatua mitego yote. Mtego mmoja mwanyumba alikuwa ameufunika kwa gunia, makusudi bila shaka. Umenibana kidole cha shahada, mkono wa kulia. Nimepiga yowe lililowatoa kuku uani.

Nilimwambia mke wangu ni mlango. Akanifunga kitambaa, akautazama mlango. Kidole cha kuvutia kifyatulio! Itabidi uchaguzi wote uanze upya.

Jumatatu, 11 Agosti

Dukani tena. Ya springi siwezi kuikunja kwa mkono huu. Ya gesi vilevile. Nikauliza kama zipo za watu wa shoto. Muuzaji akauliza kama mimi ni wa shoto. Nikasema tangu Ijumaa. Akavua miwani, akaifuta, akasema yeye angengoja kidole kipone. Nikamwambia panya hawangoji. Akauliza kama nimewahi kupiga bunduki yoyote. Nikamjibu kwamba jicho ninalo. Nikarudi mikono mitupu, ila na fikra nyingi.

Ghalani, hata hivyo, mambo ni motomoto. Nikigonga kopo mara moja tu, wanatoka. Wa kwanza ni mmoja mkubwa, mkia umekatika, naye hukaa katikati ya tofali. Nimempa jina la Mwenyekiti. Wengine humzunguka, hawasukumani. Wamenawiri sana. Kwa unene huu mtutu mwembamba nimeufuta kabisa.

Jumatano, 13 Agosti

Mke wangu amehamisha magunia kufagia, akakuta moja limebaki ngozi. Mitego yote imefyatuka na haina kitu. Alikuja nyuma ya nyumba nilipokuwa nafanya mazoezi ya kulenga kwa mpini wa fagio.

"Mimi sikuomba bunduki," akasema. "Niliomba mbegu za mama zisiliwe. Akilikuta ghala hivi tutaambiwa tufungashe, na mimi zaidi ya hapa sina kwingine ninakokuita kwetu."

Akalia. Si sana, lakini alilia. Niliona vibaya, kweli niliona vibaya, maana mke wangu si mtu wa machozi. Nikapanda baiskeli palepale, nikanunua. Ya pampu, mtutu mpana, na darubini juu. Baiskeli imebaki dukani kuwa sehemu ya malipo. Nimerudi kwa miguu, bunduki begani, na watu njiani walinisalimu kwa adabu.

Kuijaza upepo kumenitoa jasho mpaka la masikioni. Halafu nikamtazama Mwenyekiti kwa darubini. Sikuona Mwenyekiti. Niliona ukungu wa kijivu. Darubini hii ni ya kutazama mbali, ndani ya ghala haioni kitu. Muuzaji aliniambia hivyo nikiwa nalipa, nami nikadhani ananibania kitu kizuri.

Jumamosi, 16 Agosti

Mama mkwe amefika asubuhi na fimbo yake. Mwanyumba alikuwa mlangoni kabla yake, amevaa shati la mikono mirefu. Shemeji amekuja na keki.

Mama akataka kuona ghala. Nikaomba radhi, nikatangulia na bunduki. Mpango wangu ulikuwa safi: panya atoke, nimpige mbele ya mashahidi, mambo yaishe. Nikawapanga wote karibu na mlango. Mwanyumba akanong'ona kwamba panya hawatoki mchana mbele ya watu. Hapo ndipo alipokosea. Nikagonga kopo.

Wakatoka. Wakatoka wote! Mwenyekiti akapanda tofali, wengine wakamzunguka, watoto wakabaki chini wakisubiri zamu. Wengine sikuwahi kuwaona. Hakuna aliyekimbia. Wote walinitazama mimi.

Nikalenga. Ukungu wa kijivu. Nikavuta kwa kidole cha kati, risasi ikaingia ukutani. Panya waliruka kidogo, kisha wakarudi kukaa. Kwao kila ninachofanya baada ya kugonga kopo ni maandalizi ya chakula.

Mama mkwe aliegemea fimbo yake.

"Baba," akasema, "panya wote hawa wanakujua?"

Mwanyumba akacheka, akaanza kueleza habari ya mitego yake na jinsi ambavyo yeye angelitunza shamba. Mama akamnyamazisha kwa fimbo. Akauliza nani alishona viraka vya magunia. Nani alihamisha yale mazima juu ya kichanja. Kila jibu lilikuwa mke wangu. Basi akasema shamba na nyumba anampa binti yake huyu, yeye mwenyewe, kwa jina lake, na wakwe wote wawili wasitie mkono. Mke wangu akamkumbatia mama yake. Mwanyumba alikula keki yake amesimama.

Tumebaki! Bila bunduki, je, yangefika hapa? Nimemuuliza mke wangu. Amenitazama.

Jumapili, 17 Agosti

Mwenye shamba ametoa amri ya kwanza. Bunduki irudi dukani, na kabla ya jua kuzama nilete paka. Paka yeyote, amesisitiza.

Muuzaji ameipokea bunduki na kunirudishia baiskeli na pesa zangu. Nikapitia kwa jirani mfuga mbuzi, ambaye paka wake amezaa na watoto sasa wamekua. Akaniambia nichukue ninayemtaka.

Ninayemtaka! Mtu kalitamka hilo kirahisi kweli. Yupo mweusi, miguu mirefu, huyo wa mbio. Yupo wa madoa, mzito, huyo akikuangukia umeangukiwa. Yupo mweupe mwenye masharubu marefu, lakini mweupe ghalani si ataonekana? Nikamuuliza jirani kila mmoja huruka umbali gani. Hajui. Amewafuga tangu wazaliwe na hajui. Tumekubaliana nirudi kesho na kamba.

Mke wangu ameuliza paka yuko wapi. Nimemwambia asijali, jambo hili aniachie mimi. Kisha nimepita ghalani kuacha karanga kidogo kwenye tofali, ili paka akija asiwakose.