Panya wa Kitambaa na Mbuzi wa Akika

Siku Boga alipolewa ndiyo siku Swabir alipopata kazi. Boga ni paka, wa rangi ya boga lililoiva. Na kazi ya Swabir, tuseme kweli bila kumvunjia heshima, ilikuwa ni mdomo wake.

Alikuwa amejilaza chumbani kwake Ukunda, akiwaza mbuzi. Si kundi, la, mbuzi mmoja tu wa akika. Mkewe Hafsa alikuwa kwao Msambweni na mtoto mchanga, msichana. Siku ya saba ilipita bila kuchinja, ya kumi na nne ikapita, imebaki ya ishirini na moja, Ijumaa hii. Na baba mkwe, Mzee Sharif, alikwisha sema mbele ya watu: "Binti yangu ameolewa na maneno. Mjukuu wangu hatachinjiwa maneno. Mbuzi asipofika, Hafsa harudi Ukunda."

Hapo ndipo Boga alipouparura mfuko nyuma ya mlango. Swabir alipewa na bibi mmoja Mzungu wa Galu, ambaye yeye alikuwa akimmwagilia bustani, siku bibi huyo aliporejea kwao. Ndani mlikuwa na panya wadogo wa kitambaa, macho ya shanga, mkia wa uzi mwekundu, na tumboni wameshindiliwa majani makavu yenye harufu kama ya mnanaa. "Vya kuchezea paka," bibi alimwambia. "Majani haya huwalevya kidogo, kisha ulevi huwatoka. Hayawadhuru."

Boga alimkumbatia panya mmoja kwa mikono miwili, akajisugua naye mashavu, akamtandika mateke ya miguu ya nyuma, akagaragara huku udenda ukimtoka. Mwisho akalala chali kama bwana aliyeshiba pilau ya watu.

Mwingine angecheka akapita. Swabir alimwokota yule panya, akamgeuzageuza. Kitambaa kilichoshonwa. Shanga. Uzi mwekundu. Majani asiyoyajua mtu.

"Lahaula," akamnong'oneza Boga. "Hili si fingo hili?"

Fingo, kwa asiyelijua, ni dawa ya kuzikwa uani: akizika mwenye nyumba humlinda, akizika adui humfilisi. Na Ukunda nzima hakuna aliyekuwa tayari kufilisiwa na adui kuliko Mama Jumwa wa nyama choma. Mizani yake ilikuwa na mazoea ya kupima nyama pamoja na kidole gumba. Tangu Japheth afungue kibanda cha chipsi ng'ambo ya barabara, wateja walikuwa wamepungua, naye mama akilaumu kila kitu isipokuwa kidole. Nyuma ya jiko lake walifungwa mbuzi kutoka Samburu, wazuri, wakitafuna bila wasiwasi.

Jumatano alasiri Swabir aliagiza chai pale, akaenda msalani mara tatu, na kila safari akazika panya mmoja: penye pipa la maji, chini ya ukuta wa jiko, na chini ya mpera. Alhamisi asubuhi akarudi na kanzu iliyopigwa pasi upande wa mbele tu, na Boga kwapani.

"Hodi hapa! Shikamoo, Mama Jumwa."

"Marahaba. Paka mwache nje, mwanangu. Nina wangu wanne, na tangu jana hata kusimama hawataki."

Kweli, chini ya meza walikuwa wamelala wanne, miguu juu.

"Wako ni paka wa kula, mama. Huyu ni paka wa kuona. Nilikuwa napita zangu, akaning'ang'ania kanzu: hapa, hapa! Pana mafingo matatu."

Mama Jumwa akafuta mikono kwa leso. "Mafingo? Kwangu? Ni Japheth huyo!"

Swabir hakuwa amemtaja mtu. Moyoni alishukuru: huyu ni samaki aliyejikaanga mwenyewe.

"Mimi sitaji majina, mama."

"Na ada yako?"

"Pesa haigusi kazi hii. Ni mbuzi mmoja tu. Lakini ataondoka na mabaya yote ya uani, kwa hivyo afungwe macho kwa kitambaa cheusi, asiione njia ya kurudi. Na kisifunguliwe mpaka avuke mto Mkurumudzi."

Sharti hilo alilitunga palepale. Kwa Swabir, uongo usio na masharti ni chai isiyo na tangawizi.

"Hata wewe humfungui?"

"Hata mimi. Nikimfungua, yatanirudia."

"Mpaka Mkurumudzi," Mama Jumwa akarudia polepole, kama mtu anayekariri namba ya simu. "Hata wewe. Haya, nimesikia."

Boga akawekwa chini. Penye pipa alifukua mchanga kwa fujo, akaibuka na panya mdomoni, akaanza kumtandika mateke. Faith, mhudumu, akaangusha sinia. "Yesu wangu! Lina mkia!" Wateja wakaacha mifupa, wakasogea. Ukutani alifukua tena, kwa uvivu kidogo. Penye mpera akakaa kitako, akajilamba.

Swabir akamsukuma kwa ncha ya kiatu. Boga akamtazama kama asiyemjua. Ikabidi Swabir ainame, achimbe mwenyewe. Mchanga mtupu.

"Ulisema matatu," akasema Mama Jumwa.

"La tatu limekimbia, mama. Fingo likisikia wenzake wamefukuliwa, halingoji."

"Limekimbia! Makubwa! Basi na mbuzi aende upesi, lisije likarudi."

Akaingia nyuma ya jiko mwenyewe, akakawia, akatoka na mbuzi aliyefungwa macho, fundo kubwa nyuma ya pembe. Swabir akampapasa mbavu, akamkagua miguu, meno, masikio. Macho hayakukaguliwa, kwa sharti lake mwenyewe.

Chini ya meza paka mmoja akapiga mwayo, akalala tena chali.

Kesho yake bodaboda aliwapitisha Mkurumudzi, mbuzi katikati na Boga ndani ya kikapu. Swabir angeweza kufungua kitambaa pale, lakini hakuwa mtu wa kufungua zawadi pasipo na watazamaji. Alingoja mpaka uani kwa Mzee Sharif, ndugu wamejaa, jirani Mwinga kasimama mbele kabisa, Hafsa mlangoni na mtoto.

"Baba, shikamoo. Maneno yangu haya hapa, yana miguu minne."

"Marahaba. Mashallah, ana mwili. Mfungue tumwone."

Swabir akalifungua fundo kwa mbwembwe. Jicho la kushoto lilimtazama mzee vizuri. La kulia lilikuwa jeupe pe, kama yai lililochemshwa.

Mwinga akasogea, akachungulia.

"Upande huu," Swabir akamgeuza mbuzi haraka, "ni mzuri sana, baba."

"Mbuzi wa akika hachinjwi upande mmoja," akasema Mzee Sharif.

Na kutoka ndani ya fundo kikadondoka kitu kidogo chenye mchanga: panya wa kitambaa, ametafunwa mkia, ushanga wa jicho la kulia umeng'olewa. Swabir akawakumbuka wale paka wanne, miguu juu. Yeye alipanga Alhamisi, lakini paka hajui Alhamisi: wale walikuwa wamemfukua wa tatu Jumatano ileile, na Mama Jumwa akamwokota. Kumbe jana yake Mama Jumwa alikuwa akimngoja, amejua kila kitu isipokuwa sura ya atakayekuja.

Paka wa nyumba wakatoka jikoni mbio. Mmoja akamkumbatia panya, wa pili akamrukia, Boga akaingia katikati akidai haki yake. Watoto wakapasuka kwa kicheko, hata Hafsa, aliyekuwa amejiandaa kununa.

Mzee Sharif akaenda bandani, akarudi na mbuzi wake mwenyewe, macho yote mawili. "Huyu atachinjwa. Chongo atafugwa. Nawe utakaa hapa Msambweni umkatie majani kwa mkono wako, mpaka mwanao atambae. Hapo ndipo utamchukua mkeo."

"Ndiyo, baba."

Mwinga, jirani, alikuwa bado anawatazama paka wanavyogaragara. Akamvuta Swabir kando. "Bwana, paka wangu amepooza, hachezi. Hiki kidude wauza?"

Macho ya Swabir yakawaka. Akavuta pumzi, akafungua mdomo.

"Shika mwanao," akasema Hafsa, akamtia mtoto mikononi.

Mtoto akapiga mwayo, akakishika kidole cha shahada cha baba yake, akasinzia asikiachilie.

"Bwana," Mwinga akauliza tena, "wauza?"

"Sshh," akasema Swabir. "Utamwamsha."