Barua Iliyobaki Garini

Jumatatu, 3 Juni

Daktari amesema moyo wangu umechoka. Nikamuuliza umechoka kiasi gani. Akasema nisianze kujenga ghorofa. Nilicheka peke yangu. Binti yangu, aliyenipeleka, alitazama dirishani.

Basi lazima nikiri. Si kwa binti. Kwa Sifuri.

Sifuri ni mwalimu wa hesabu mstaafu. Wanafunzi walimpa jina hilo kwa sababu ya alama alizogawa. Mimi waliniita Hakikisha, maana kila mlango niliupitia nikisema: funga, hakikisha, ndipo uondoke. Kila asubuhi Sifuri huja kunywa chai kwangu. Tangu mke wangu afariki hajakosa hata siku moja. Hakuna mwingine anayekuja bila kuombwa.

Nami nilimnyang'anya ukuu wa shule.

Miaka thelathini na minane iliyopita, siku ya usaili wetu sote wawili, aliegesha gari nje kwangu akaingia kusalimu. Ufunguo ulikuwa unaning'inia penye usukani. Nikatoka, nikabonyeza kile kidude cha dirishani kinachofunga bila ufunguo, nikainua mkono wa mlango, nikaufunga. Polepole, kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Nikadandia basi. Sifuri alifika saa mbili baadaye, usaili umekwisha. Nikawa mkuu kwa miaka kumi na tisa. Mkuu hodari, nadhani.

Nitamwambia kesho. Lakini akisusa, nitakunywa chai na nani?

Jumanne, 4 Juni

Sikumwambia. Alikuja anameremeta. Jumamosi shule inatimiza miaka hamsini, na kamati imemwomba azungumze kwa niaba ya wastaafu. Yeye! Mkuu wa zamani yupo hai, anapumua, na barua imekwenda kwa mwalimu wa hesabu.

Nilimpongeza. Chai ikanipalia.

Nimeamua: nitakiri kwa barua, aipate nikishazikwa. Atamgombeza nani?

Jumatano, 5 Juni

Binti husoma juu ya bega la mtu. Kwa hiyo nimeandikia barua ndani ya gari langu, hapa uani. Nimekatazwa kuvuka geti nalo, sijakatazwa kukaa ndani. Kurasa nne. Hakuna mkato uliokosewa. Nikaiacha kitini wino ukauke, jina la Sifuri juu kwa herufi kubwa, nikatoka kunyoosha miguu. Nikabonyeza. Nikainua. Nikafunga. Nikajaribu mlango mara mbili. Umefungika barabara.

Ndipo nikauona ufunguo. Unaning'inia penye usukani.

Kwa dakika moja sikujua ni gari la nani, na ni mwaka gani.

Ufunguo wa akiba anao binti. Nikimwomba ataiona barua, kisha atasema akili imezeeka, na gari litauzwa. Nimelifunika shuka. Binti akauliza, gari lina baridi? Nikasema jua linaharibu viti. Kulikuwa na mawingu.

Alhamisi, 6 Juni

Sifuri alifika, akainua pembe ya shuka, akasema nimejifungia nje. Hakuuliza. Alisema tu. Akaenda kuchukua waya chini ya kiti cha gari lake. Mtaa mzima humwita aje na waya ule, mtu akisahau ufunguo garini. Nikamwambia aache, gari linapumzika. Dakika mbili, mlango wazi. Akanipa ufunguo, akachukua barua. Jina lake si liko juu?

Alisoma kurasa zote nne, amesimama. Mimi nilishika moyo, kwa kuwa ndio ulioagizwa usishtuke. Alipomaliza alikunja karatasi.

"Si saa mbili," alisema. "Ilikuwa saa moja na dakika arobaini. Na nilikuona kupitia dirisha la sebule. Ufunguo wa akiba ulikuwa mfukoni mwangu."

Nikamuuliza kwa nini basi hakufungua.

"Shemeji alinimiminia chai. Akasema, mwache aupate huo ukuu, la sivyo humu ndani hatutalala."

Nilikaa kwenye ngazi. Mke wangu alijua! Miaka kumi na tisa alipiga pasi mashati ya mkuu, hakutamka neno. Nikauliza, na waya je, alijifunza wa nini? Akasema alijua ipo siku nitajifungia mwenyewe.

Sasa nimesamehewa, au hapakuwa na kosa? Niliiba au nilipewa? Sielewi. Binti amesikia makelele, amechukua ufunguo wangu auweke pamoja na ule wa akiba.

Ijumaa, 7 Juni

Nimefikiri kutwa. Kama alinipa, basi sikumshinda. Hili ni baya kuliko kuchukiwa.

Sifuri amefanyia mazoezi hotuba yake sebuleni kwangu. Ananisifu ndani yake. "Mkuu wetu mpendwa." Haivumiliki. Nilimwambia kesho ni siku yake, na nilimaanisha. Tutakwenda kwa gari lake.

Jumamosi, 8 Juni

Sifuri alikuja amevaa suti. Binti alikuwa amekwenda sokoni. Sifuri akaingia kunywa chai, nami nikatoka kuweka koti langu garini mwake.

Ufunguo ulikuwa unaning'inia.

Sijui mkono ulipatwa na nini. Bonyeza, inua, funga. Nikahakikisha. Mpango ulikuwa rahisi: kumpigia simu mkwe wangu, mume wa binti, anichukue mimi, nifike kwa wakati, nijitolee kuzungumza. Simu na pochi yangu zilikuwa ndani ya koti. Koti ndani ya gari. Hotuba, waya, simu na pochi ya Sifuri, vyote ndani.

Sifuri alijaribu mlango mara moja tu. Akapapasa mfuko wa shati. Kisha akakumbuka: ufunguo wake wa akiba alinipa mimi mwaka juzi nimtunzie. Nami nilikumbuka nilipouweka. Mahali salama kabisa. Kwenye kisanduku cha mbele cha gari langu, ambalo funguo zake ziko sokoni.

Tulikaa kwenye ngazi na suti zetu.

"Ni wewe?" aliuliza.

Nikasema ni upepo.

"Upepo ulibonyeza, ukainua?"

Nikasema ndiyo.

"Na ukahakikisha?"

Akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilidhani analia. Binti aliporudi, sherehe ilikuwa imekwisha. Tumesikia kwamba mpishi wa zamani ndiye aliyezungumza kwa niaba ya wastaafu, na kwamba walimpigia makofi wamesimama.

Sifuri ameaga. Amesema kesho atakuja kwa miguu, nichemshe maji mapema.

Mtu kama huyo hastahili kudanganywa kwa upepo. Nimeanza barua nyingine. Kurasa mbili tayari, na binti anazungukazunguka meza. Nitamwomba ufunguo wangu kwa upole, nikaimalizie garini. Kule hakuna anayeweza kuigusa.